Kupima Upitishaji Umeme wa Plazma ndani ya Mrija wa Arigoni

Mtu mwenye mrija wa kioo uliojaa gesi inayong'aa, pamoja na mita mbili za kusomea mkondo na volteji, hushawishika kugawanya namba moja kwa nyingine na kusema kwamba amepima upitishaji umeme wa plazma, yaani wa gesi ambayo baadhi ya atomu zake zimepoteza elektroni na kuwa ioni. Hajaupima. Katika mrija wa arigoni unaofanya kazi kwa volti 300 hivi, sehemu kubwa ya volti hizo huishia kwenye tabaka la milimita chache mbele ya kathodi (elektrodi hasi), ambako elektroni ni chache na uga wa umeme ni mkali mno. Plazma yenyewe, ambayo vitabu vingine huiita utegili, hujaza sehemu kubwa ya mrija iliyobaki, na humo volteji hushuka kwa volti chache tu katika kila sentimita. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuipima plazma hiyo mahali ilipo, kwa sindano zilizotumbukizwa ndani yake na kwa vifaa ambavyo maabara ya fizikia ya chuo inaweza kuvikusanya.

Kinachotafutwa ni uwiano wa vitu viwili, yaani msongamano wa mkondo kwa ampea katika kila mita ya mraba, na uga wa umeme kwa volti katika kila mita. Cha kwanza kikigawanywa kwa cha pili, jibu hutoka kwa simensi kwa mita. Msongamano wa mkondo hupatikana kirahisi, kwa kuwa mkondo unaoingia mrijani ndio unaotoka. Kazi ngumu ni kuupata uga wa umeme, na sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata inahusu jambo hilo.

Hatua ya 1: Kuandaa mrija na sindano

Tumia mrija wa kioo cha borosilikati wenye kipenyo cha ndani cha sentimita 3, na elektrodi mbili za alumini zinazotazamana kwa umbali wa sentimita 40. Elektrodi hizo zilingane kabisa kwa umbo na ukubwa, kwa sababu baadaye utageuza mwelekeo wa mkondo na kila moja itapata zamu ya kuwa kathodi. Katikati ya mrija, kupitia ubavuni, penyeza sindano tatu za waya wa tungsteni wenye kipenyo cha milimita 0.5, kila moja ikiwa sentimita 5 kutoka kwa jirani yake. Waya ufunikwe kwa kioo au seramiki, ubaki wazi kwenye ncha tu kwa urefu wa milimita 3, na ncha zote zifike kwenye mhimili wa mrija. Sindano zikisimama katika umbali tofauti kutoka ukutani, tofauti ya volteji utakayoisoma itachanganya mabadiliko ya kando na yale ya kwenda mbele, na hutaweza kuyatenganisha.

Pima umbali kati ya ncha kabla ya kufunga mrija, kisha uandike namba hiyo pamoja na kipenyo cha ndani. Usitegemee namba za fundi aliyechoma kioo, kwani waya hujipinda kidogo wakati wa kuchomelewa.

Tyubulaiti ya dukani haiwezi kuchukua nafasi ya mrija huu. Haina mahali pa kupenyeza sindano, na ndani yake mna zebaki ambayo haipaswi kuachiwa chumbani.

Hatua ya 2: Umeme na usalama

Chanzo cha umeme kiwe cha mkondo mnyoofu, chenye uwezo wa kufika kilovolti 2 na kutoa miliampea 20. Kati ya chanzo na anodi weka rezista ya kilo-omu 150 inayohimili angalau wati 25. Kwa mkondo wa miliampea 10, rezista hiyo itachukua volti 1500 na kutoa joto la wati 15. Ni vizuri kuiunda kwa rezista kadhaa zilizounganishwa mfululizo, kwa sababu rezista moja ya kawaida haikukusudiwa kubeba volti nyingi kiasi hicho baina ya ncha zake. Rezista hii ni ya lazima: gesi iliyowaka haina tabia ya waya, kwani mara nyingi mkondo ukiongezeka volteji inayohitajika hupungua, na pasipo kizuizi mkondo hupanda bila kikomo hadi cheche nene iunguze elektrodi.

Kathodi iunganishwe na ardhi. Chanzo cha kilovolti 2 kinaweza kuua, na kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya swichi kuzimwa. Kwa hiyo kila unapotaka kugusa nyaya, zima, subiri, kisha gusisha ncha ya anodi kwa fimbo yenye mpini wa kuhami iliyounganishwa na ardhi. Zungushia mrija kinga ya plastiki ngumu, kwa sababu kioo chenye ombwe kikipasuka hurusha vipande. Asifanye kazi hii mtu aliye peke yake chumbani.

Hatua ya 3: Ombwe na gesi

Nyonya hewa kwa pampu ya ombwe hadi kanieneo ishuke chini ya paskali 1, kisha funga vali ya pampu na uangalie jinsi kanieneo inavyopanda. Ikipanda kwa haraka, pana uvujaji au unyevu kwenye kuta, na ni bora kuushughulikia sasa. Katika hewa yenye unyevu kama ya Mombasa au Dar es Salaam, mrija uliokaa wazi huhitaji kupashwa joto taratibu huku pampu ikiendelea kufanya kazi. Ingiza arigoni safi, inyonye, iingize tena, na mwishowe acha kanieneo isimame kwenye paskali 100.

Usafi wa gesi una athari kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Molekuli za naitrojeni na za mvuke wa maji hutikisika zinapogongwa na elektroni, na mtikisiko huo hula nishati ambayo atomu za arigoni, zisizo na namna ya kutikisika hivyo, zisingeichukua. Hewa kidogo ikiingia, uga unaohitajika kuiendeleza plazma hubadilika, na upitishaji utakaoupima utakuwa wa mchanganyiko usioujua.

Angalia pia aina ya mita ya kanieneo. Ile ya Pirani, inayopima kwa jinsi gesi inavyopoza waya wenye joto, ikisawazishwa kwa naitrojeni husoma arigoni pungufu, kwa sababu arigoni husafirisha joto kwa udhaifu zaidi, hivyo namba yake irekebishwe kwa jedwali la mtengenezaji. Mita inayopima kwa kusukumwa kwa kiwambo haina tatizo hili.

Hatua ya 4: Kuwasha na kuichunguza safu

Pandisha volteji polepole mpaka gesi iwake, kisha irekebishe hadi mkondo utulie kwenye miliampea 10. Ikikataa kuwaka, punguza kanieneo, washa, halafu irudishe gesi kidogo kidogo. Kutoka kwenye kathodi utaona mng'ao mfupi mkali, kisha nafasi ya giza iliyopewa jina la Faraday, kisha safu ndefu ya mwanga inayofika karibu na anodi. Safu hiyo ndiyo plazma tunayoitaka, kwa kuwa ndani yake idadi ya elektroni inakaribia sana kulingana na ya ioni, na hali haibadiliki kutoka sentimita moja hadi nyingine. Hakikisha sindano zote tatu zimo ndani ya safu, mbali na nafasi ya giza.

Arigoni ina tabia ya kutengeneza mawimbi ya mwanga na giza kwenye safu hiyo. Wakati mwingine mawimbi husimama na macho huyaona kama pete. Wakati mwingine hukimbia kwa kasi hivi kwamba safu huonekana tulivu kabisa ilhali uga kwenye sindano unapanda na kushuka maelfu ya mara kwa sekunde. Kwa hiyo usiyaamini macho. Elekeza diodi inayohisi mwanga kwenye mwanya mwembamba ubavuni mwa mrija na uiunganishe na osiloskopu. Ukiona mwanga unapigapiga, badilisha mkondo au kanieneo hadi utulie, na usianze kupima kabla ya hapo.

Hatua ya 5: Kupima uga kwa njia ya sifuri

Hapa ndipo vipimo vingi huharibika. Sindano iliyo ndani ya plazma hujizungushia tabaka jembamba lenye chaji, ambalo nitaliita ala. Elektroni, zikiwa nyepesi na zenye kasi, huijaza sindano chaji hasi hadi izifukuze elektroni nyingi na kuruhusu chache tu, zinazolingana kwa idadi na ioni zinazofika. Sindano isiyounganishwa na kitu chochote kwa hiyo hukaa chini ya volteji ya plazma iliyoizunguka. Hilo halina madhara kwetu, kwa kuwa sindano mbili zinazofanana katika plazma yenye halijoto moja hushuka kwa kiasi kilekile, na tofauti baina yake hubaki kuwa tofauti ya plazma yenyewe.

Madhara huanza unapounganisha mita. Ioni zinazofika kwenye sindano yenye ukubwa tuliouchagua hubeba mikroampea chache tu. Multimita ya kawaida yenye ukinzani wa megaomu 10, ikiwekwa kati ya sindano moja na ardhi pale volteji inapofika 200, hutaka mikroampea 20. Plazma haiwezi kuutoa mkondo huo, hivyo sindano huvutwa chini na namba inayoonekana haina maana. Hata multimita ya betri iliyowekwa kati ya sindano mbili zenye tofauti ya volti 10 hunyonya mikroampea 1, kiasi kinachotosha kupotosha usomaji.

Njia salama ni kutafuta volteji ambayo sindano mbili hazipitishiani mkondo wowote. Chukua betri sita za volti 9, ziunganishe mfululizo, na sambamba na mkusanyiko wote weka rezista ya kurekebishika ya kilo-omu 100. Unganisha katikati ya betri hizo na sindano ya kwanza, kisha mkono wa rezista hiyo uunganishe na sindano ya pili kupitia rezista ya kilo-omu 10. Sasa unaweza kuweka kati ya sindano volteji yoyote kuanzia hasi 27 hadi chanya 27. Multimita moja isome volteji iliyo kati ya katikati ya betri na mkono wa rezista, kabla ya ile rezista ya kilo-omu 10, ili mkondo inaounyonya usihesabiwe. Ya pili isome volteji baina ya ncha za rezista hiyo ya kilo-omu 10, ambako milivolti 10 ni sawa na mikroampea 1.

Mzunguko huu wote, pamoja na multimita zake, utakuwa kwenye volteji ya plazma, yaani mamia ya volti juu ya ardhi. Ufunge ndani ya sanduku la plastiki lililo kavu, kitasa cha kurekebishia kiwe na mpini mrefu wa plastiki, na mita zisomwe kupitia mfuniko angavu. Usiunganishe osiloskopu wala kompyuta na mzunguko huu, kwani waya wao wa ardhi utaharibu kipimo papo hapo na pengine kifaa pia.

Endesha volteji kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa hatua za volti 1, ukipunguza hadi volti 0.2 karibu na mahali mkondo unapobadilika ishara. Grafu itakuwa na umbo la herufi S iliyolala, yaani pande zote mbili tambarare kwa sababu ioni zimefikia kikomo, na katikati mpando mkali. Volteji ambayo mkondo ni sifuri ndiyo tofauti ya volteji ya plazma kati ya sindano zile mbili. Uzuri wa njia hii ni kwamba kwenye nukta hiyo plazma haiombwi chochote na sindano, hivyo hali yake ni karibu ileile ambayo ingekuwa nayo bila kipimo. Sindano mbili za namna hii zilielezwa na Johnson na Malter mwaka 1950, zikiendeleza kazi ya sindano moja ambayo Mott-Smith na Langmuir waliichapisha mwaka 1926.

Hatua ya 6: Kugeuza mkondo

Sindano mbili hazifanani kamwe kwa ukamilifu. Uchafu au oksidi juu ya mojawapo huongeza sehemu ya volti kwenye tofauti unayoisoma. Zima umeme, toa chaji kama ilivyoelezwa, badilisha nyaya za elektrodi ili kathodi iwe anodi, washa tena kwa mkondo uleule na urudie grafu. Tofauti ya plazma sasa itakuwa na ishara kinyume, lakini ile iliyotokana na uchafu haitageuka. Tuseme kwanza sifuri ilipatikana kwenye volti 10.6, na baada ya kugeuza ikapatikana kwenye hasi 9.4. Toa ya pili kutoka ya kwanza, gawanya kwa mbili, nawe utapata volti 10.0, na uchafu utakuwa umejiondoa wenyewe. Rudia yote kwa jozi ya sindano ya pili na ya tatu. Jozi mbili zikitoa uga unaotofautiana kuliko makosa ya kupima, safu haiko sawa, na unapaswa kurudi kwenye hatua ya 4.

Hatua ya 7: Hesabu

Kwa mfano huu, volti 10.0 katika sentimita 5 ni volti 200 kwa mita. Eneo la ndani la mrija ni mita za mraba 7.07 × 10⁻⁴, hivyo mkondo wa miliampea 10 una msongamano wa wastani wa ampea 14.1 kwa mita ya mraba. Upitishaji wa wastani basi ni simensi 0.071 kwa mita. Ili msomaji apate kipimo cha ukubwa wa namba hiyo, maji ya bahari hupitisha takriban simensi 5 kwa mita, na shaba karibu milioni 60.

Namba hiyo ni ya wastani, na wastani huu huficha jambo. Elektroni ni nyingi zaidi kwenye mhimili na hupungua kuelekea ukutani ambako huungana tena na ioni. Nadharia ya msambao kwenye mrija wa duara hutoa umbo la Bessel, yaani mkunjo wa kihisabati unaoshuka kutoka katikati hadi ukutani, ambalo wastani wake ni 0.43 ya thamani ya katikati. Kwa vile uga wa kwenda mbele ni uleule katika kila nukta ya mkato wa mrija, upitishaji kwenye mhimili ni 0.071 ukigawanywa kwa 0.43, yaani simensi 0.16 kwa mita. Unapoandika matokeo taja waziwazi ni lipi kati ya haya mawili unalotoa, maana tofauti yake ni zaidi ya mara mbili.

Kuhusu makosa, kwa vifaa hivi tarajia asilimia 1 kwenye mkondo, 3 kwenye volteji, 1 kwenye umbali wa sindano, na 4 kwenye eneo, kwa sababu kosa la asilimia 2 kwenye nusu kipenyo hujirudia linapozidishwa kwa lenyewe. Kwa pamoja zinakaribia asilimia 5. Inaonekana hapa kwamba kalipa ya kupimia kipenyo cha kioo ina uzito kuliko mita ya gharama kubwa.

Hatua ya 8: Kulinganisha na nadharia

Grafu ileile ina habari nyingine. Mwinamo wake kwenye sifuri, pamoja na mkondo wa kikomo cha ioni, hutoa halijoto ya elektroni, kwani mkondo wa kikomo ukigawanywa kwa mara mbili ya mwinamo hutoa halijoto kwa elektronivolti, kipimo cha nishati kinachotumiwa pia kutajia halijoto ya plazma. Mkondo wa mikroampea 6 na mwinamo wa mikroampea 1.5 kwa volti hutoa elektronivolti 2.

Nadharia husema kwamba upitishaji ni msongamano wa elektroni ukizidishwa kwa mraba wa chaji yake, kisha kugawanywa kwa tungamo lake na kwa idadi ya migongano yake kwa sekunde. Katika arigoni ya paskali 100 elektroni ya elektronivolti 2 hugonga atomu karibu mara bilioni moja kwa sekunde, na upitishaji wa simensi 0.16 huhitaji elektroni takriban 6 × 10¹⁵ kwa mita ya ujazo. Ukikadiria msongamano huo kutoka kwenye mkondo wa ioni, tarajia ukaribiano wa kadiri tu. Kwa kanieneo hii ioni hugongana na atomu zikiwa bado ndani ya ala, jambo ambalo kanuni nyepesi ya mkondo wa ioni hailihesabu, na msongamano hutoka pungufu. Hiyo ndiyo sababu ya kuupima upitishaji kwa uga na mkondo moja kwa moja badala ya kuukokotoa kutoka kwenye msongamano. Mwenye vifaa vya mikrowevu anaweza kuupitisha mrija ndani ya kasha la mwangwi wa mawimbi hayo, yaani kasha la metali ambamo mawimbi huimarika kwa masafa maalumu. Kuhama kwa masafa ya kasha hutoa msongamano wa elektroni, na kupanuka kwa ukanda wa masafa ambayo kasha huyaitikia hutoa idadi ya migongano.

Plazma ambazo sindano haziziwezi

Sindano huyeyuka kwenye plazma ya moto, na kwa hiyo njia hubadilika. Katika mirija ya mshtuko, ambako gesi hupashwa joto na wimbi lenye kasi kuliko sauti, Lin, Resler na Kantrowitz walionyesha mwaka 1955 kwamba upitishaji hupimika bila kugusa gesi: koili moja nje ya mrija hutengeneza uga wa sumaku, gesi inayopitisha umeme ikipita huuvuruga, na koili ya pili huusikia uvurugaji huo. Kifaa cha namna hii husawazishwa kwa kupitisha kipande cha metali chenye upitishaji unaojulikana.

Katika tokamaki, mtambo unaoshikilia plazma ya moto kwa sumaku na ambamo plazma ni duara lililofungika na haina elektrodi kabisa, uga hupatikana kwa waya mmoja uliozungushwa sambamba na duara hilo. Volteji ya waya ikigawanywa kwa mzingo wa duara ndiyo uga. Isomwe tu wakati mkondo wa plazma umetulia, kwa sababu mkondo unaopanda huongeza volteji isiyotokana na ukinzani. Hapo gesi imegawanyika yote kuwa ioni na elektroni, na kama Spitzer na Härm walivyokokotoa mwaka 1953, upitishaji hutegemea halijoto ya elektroni ikipandishwa kwa kipeo cha 3/2 na karibu hautegemei msongamano. Kwa elektronivolti 100 hufika kama simensi milioni 2 kwa mita, na kwa elektronivolti 1000 hukaribia shaba. Wengi huutumia uhusiano huo kinyumenyume ili kukadiria halijoto, lakini chembe za kaboni au metali kutoka ukutani huushusha upitishaji bila halijoto kushuka, na halijoto inayokadiriwa huwa ndogo kuliko ya kweli. Kwa hiyo kiwango cha uchafu kipimwe kwa mwanga wa plazma siku hiyohiyo, na kiandikwe kando ya kila thamani ya upitishaji.